Zanzibar: Vuka Ng'ambo na Mwenzio

Ukimuuliza bibi harusi wa siku hizi fungate kaenda kula wapi, mara nyingi jibu ni moja: Zanzibar. Na picha anazo! Machweo ya Nungwi, urojo na mishikaki ya Forodhani, pozi mbele ya mlango wa nakshi pale Mji Mkongwe. Raha tupu, wala hatumwonei gere. Lakini, mpenzi msomaji, ipo Zanzibar nyingine isiyoingia kwenye picha. Ili kuiona unahitaji viatu vya kutembelea, mwenzi asiyechoka upesi, na kitabu kimoja: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi.

Usikunje uso. Najua wengi wetu tuliisoma kidato cha tano na sita tukisaka maksi za fani na maudhui. Mtihani ukaisha, kitabu kikaenda kwa mdogo mtu. Jaribu kukisoma tena leo, ukiwa unalipa kodi ya nyumba na mama mkwe ana maoni yake kuhusu wewe. Utadhani hujawahi kukishika.

Adam Shafi ni mtoto wa Unguja, kazaliwa mwaka 1940, na historia ya kisiwa chake ndiyo shamba lake. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inaeleza maisha ya mabwana na watumwa wao wa mashambani kuelekea Mapinduzi ya 1964. Kuli (1979) inakupeleka bandarini, kwenye mgomo wa wapagazi wa mwaka 1948. Vuta N'kuvute, iliyotoka 1999, ndiyo ya mapenzi, ingawa siasa imo tele. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu, ikaonyeshwa hadi kwenye tamasha la Toronto.

Kisa chenyewe ni cha miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza. Yasmini, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Raza, mwenye duka, mtu wa rika la baba yake. Anashindwa, anamkimbia. Jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni shoga yake Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili wa Ng'ambo, ambaye hana mali ila ana nafasi ya mtu mmoja zaidi. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana anayepambana na serikali ya kikoloni. Hapo sasa! Binti wa Kihindi na kijana wa Kiswahili, tena anayewindwa na polisi.

Ili uelewe uzito wa jambo hilo, nenda ukasimame Darajani. Soko lile la mwaka 1904 linajulikana kwa samaki, viungo na kelele, lakini jina lake lina habari. Hapo palikuwa na daraja kweli. Mkono wa bahari uliingia nchi kavu ukautenga mji: huku nyumba za mawe, kule mitaa ya nyumba za udongo na makuti. Watu wa mawe wakaiita kule Ng'ambo, yaani upande wa pili wa maji. Matajiri wengi, Waarabu, Wahindi na Wazungu, walikaa huku. Wachukuzi, mafundi, wapishi na waliokuwa watumwa walijenga kule. Siti binti Saad, malkia wa taarabu, alitoka kijijini Fumba akaja kuishi Ng'ambo, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Maji yale yalifukiwa zamani, ikabaki barabara pana. Kuivuka ni dakika moja, kama daladala zimekupa nafasi. Yasmini alipovuka, ilimgharimu nyumba, jina na ndugu.

Mimi na mume wangu tulikwenda na boti ya mchana kutoka Dar, saa mbili hivi baharini. Jioni rafiki yetu akatualika kwenye chuo kimoja maeneo ya Vuga, ambako wanafunzi walikuwa wanaijadili riwaya hiyo. Mtunzi hakuwapo, ila vitabu vyake vilipangwa mezani kama mgeni rasmi. Kijana mmoja akasimama na kusema wazi kwamba Yasmini aliwatia aibu wazee wake. Ukumbi ukachemka. Dada aliyekaa mbele akamjibu kwa swali: wakati wa kumwoza, yeye aliulizwa na nani?

Akanyoosha mkono bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake. Alisema dada yake mkubwa alipenda mtu wa upande wa pili, na baba yao akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Lilikuja kutajwa tena siku ya msiba wa baba. "Kuvuka si kazi, wanangu," akasema. "Kazi ni waliobaki kukubali kuvuka wakakufuate." Hakuna aliyepiga makofi. Sio siri, nilimshika mume wangu mkono. Barua yake ya posa ilikaa kwa baba yangu miezi minane bila majibu, sababu ni dini na ni kabila, na aliyeivunja kimya hiyo ni shangazi, aliyefunga safari kwenda kuwaona wakwe kabla hajatumwa. Kila Yasmini anahitaji Mwajuma wake.

Na wewe je? Kama mnapanga wikiendi ya Unguja, chukueni jioni moja mfanye hivi. Anzeni Darajani saa kumi, jua likishapoa. Vukeni barabara mwende hadi Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, palipokuwa na mitaa ya Ng'ambo ya zamani. Kaeni barazani mnywe kahawa chungu na kashata, msalimie watu. Rudini kupitia Mji Mkongwe hadi Malindi, muione bandari ya Kuli. Vaeni nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe. Huu ni mji wa watu kabla ya kuwa mji wa watalii, hata kama UNESCO imeuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Njiani someaneni kurasa mbili tatu, halafu kila mmoja amuulize mwenzake: kwenu, nani aliwahi kuvuka kwa ajili ya mapenzi, na nani alimfuata? Msishangae mkikuta hamjui. Kwenye familia nyingi habari hizi wanazo bibi na babu peke yao, na hawazisemi mpaka waulizwe. Riwaya kama hizi huzaliwa kwa mtu kukaa chini na kuuliza. Kwa hiyo mkirudi nyumbani, kabla ya kuwaonyesha watu picha za machweo, pitieni kwa bibi na kilo mbili za sukari. Mkae, mumuulize. Na simu zenu mzime.