Mario, Bibi na Kihamba

Najua kuna watakaocheka wakisikia kwamba mtu mzima, mwandishi wa habari anayelipa kodi ya nyumba Dar, kamaliza likizo nzima ya Desemba akicheza Super Mario. Tena kwa mara ya kwanza maishani! Haya, chekeni. Mkimaliza niulizeni swali moja: kwa nini mara ya kwanza? Maana swali hilo lina majibu mawili, na hakuna hata moja la kitoto.

Jibu la kwanza ni la historia. Super Mario Bros. ilitoka Japani mwezi Septemba 1985. Mwaka huo Tanzania Bara hatukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Sisi tulikuwa na redio. Kompyuta ndiyo usiseme, serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974. Televisheni ikaja kuanza Bara mwaka 1994, na mmoja wa walioileta ni mtoto wa huku huku Machame, marehemu Reginald Mengi, aliyeanzisha ITV, ambaye Mei 2019 alirudishwa kuzikwa kwao Nkuu. Kwa hiyo wakati watoto wa Osaka wanakanyaga kobe kwenye kioo, wazazi wetu walikuwa kwenye foleni ya sukari. Utoto wa wenzetu umetufikia kwa kuchelewa, kama nguo za mitumba.

Jibu la pili ni langu mwenyewe. Nikiwa shule ya msingi, Moshi mjini kulikuwa na vibanda vya gemu. Televisheni ndogo, mashine ya Kichina iliyoigiza ile ya Nintendo, na kaseti iliyoandikwa kuwa ina gemu mia tisa na ushee, ukizihesabu ni kumi na kitu zinazojirudia. Wavulana walijazana humo na sarafu zao. Msichana ukisimama mlangoni unaulizwa: umemfuata nani? Mimi nilikuwa napita hapo nikiwa nimetumwa mafuta ya taa. Ndiyo maana nilijua muziki wa Mario kabla sijamjua Mario. Miaka yote hiyo niliuimba kichwani bila kujua kuwa mtunzi wake anaitwa Koji Kondo, na bila kujua huyo jamaa wa kofia nyekundu anakimbilia wapi.

Sasa njoo Desemba iliyopita. Wachaga na Desemba sina haja ya kuwaeleza, si mnajua tena. Mabasi yanajaa, Dar inapumua, kila mtu anapanda mlima kwenda kwao. Usipoonekana watu wanauliza kama uko hospitali au mahabusu. Binamu yangu anayeishi Ujerumani alikuja na Nintendo Switch kwa ajili ya watoto, na humo ndani zimo gemu zote za zamani, kuanzia ile ya 1985. Watoto walitaka kurukia mpya. Nikasema hapana, mimi ndiye mkubwa, tunaanza mwanzo.

Jamani, ile gemu ya kwanza ni mwalimu! Haina maelezo hata mstari mmoja. Unasimama kushoto mwa kioo, kulia ni peupe, kwa hiyo unakwenda kulia. Kadudu kenye sura ya uyoga kanakujia. Usipofanya kitu, unakufa. Ukiruka, huenda ukagonga tofali lenye alama ya kuuliza, sarafu ikatoka. Ndani ya dakika moja umeshafundishwa nusu ya gemu na hakuna aliyesema neno. Watoto wa kaka yangu wakawa wanapiga kelele: "Shangazi, ruka! Shangazi, shimo!" Shangazi akaingia shimoni. Unaanza na roho tatu, nikazimaliza kabla chai haijapoa.

Nikaanza kusoma habari zake, ndiyo ugonjwa wa kazi yetu. Gemu nzima ina ukubwa wa kilobaiti 40. Picha moja ya kipaimara unayotumiwa na ndugu kwenye simu inaizidi mara nyingi. Kwa kubana nafasi, mawingu na vichaka ni umbo lile lile, wamebadilisha rangi tu. Mama wa Kichaga kabisa! Aliyeibuni ni Shigeru Miyamoto, aliyezaliwa 1952 katika mji mdogo wa Sonobe karibu na Kyoto. Mario mwenyewe alianza 1981 kwenye gemu ya Donkey Kong akiwa seremala asiye na jina zaidi ya kuitwa mrukaji. Ufundi bomba aliupata 1983.

Basi usiku tukawa tunacheza sebuleni kwa bibi, mvua inanyesha kwenye migomba huko nje. Umeme ukikatika tunaendelea kwa betri, watoto saba wamebanana kwenye kioo kidogo. Bibi yuko kwenye kiti chake na blanketi magotini, anatazama bila kusema. Siku ya tatu nikamaliza ngome ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila ukifika unapokelewa na kijana mwenye kichwa cha uyoga anayekushukuru na kukwambia kuwa binti mfalme unayemtafuta hayupo hapo. Ndivyo inavyokuwa kwa ngome saba. Yumo kwenye ya nane.

Bibi akauliza, "Huyo binti mnayemtafuta, kwao ni wapi?"

Nikamweleza. Kijitabu kilichouzwa na gemu ile kilisema kwamba kobe wachawi wameuvamia ufalme wa uyoga, wakageuza raia kuwa mawe na matofali, na anayeweza kuuondoa uchawi huo ni mmoja tu: binti wa mfalme. Ndiyo maana wamemfungia.

"Kumbe nchi ni ya baba yake," bibi akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na uwezo anao yeye."

"Ndiyo."

"Mbona sasa anakimbia huyu wa bomba?"

Watoto wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, maana kikao cha ukoo kilikuwa kesho kutwa yake.

Kwa wasiojua: kihamba ni shamba la nyumbani, migomba na kahawa vimechanganyika, makaburi ya wazee yako humo humo. Ukimuuliza Mchaga kwao ni wapi, anakutajia kihamba. Kwa mila, kihamba hushuka kwa watoto wa kiume, na mwenye uhakika zaidi ni wa kwanza na wa mwisho. Binti ataolewa, atakwenda kwenye kihamba cha wenzake. Sasa dada yake baba, shangazi yangu, hakuolewa. Amefanya kazi Dar miaka yote hadi akastaafu. Mabati ya nyumba ya bibi ni yake. Karo za watu, nikiwemo mimi, ni zake. Mwaka huu aliandika barua kwa ukoo kwa mkono wake akiomba kipande cha chini, kule kwenye kahawa iliyozeeka, ajenge vyumba viwili.

Usiku wa kuamkia kikao tukaingia gemu ya pili, ya 1988. Hii ina historia ya ajabu. Japani walitengeneza mwendelezo mwingine mwaka 1986, mgumu hatari, Nintendo wakaona Wamarekani watasusa. Wakachukua gemu nyingine kabisa ya 1987, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonesho ya kituo cha Fuji Television, wakabadilisha sura za watu wake na kuiita Super Mario Bros. 2. Kwa sababu ile gemu ya asili ilikuwa na watu wanne wa kuchagua, hii nayo ikawa na wanne. Na wa nne ni binti mfalme! Ameingia kwenye uwanja kwa njia ya mlango wa nyuma, lakini ameingia.

Mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa, hakufikiri mara mbili. Akamchukua binti. Kaka zake wakaja juu: huyo mnyonge, hawezi kubeba. Kweli, katika gemu hiyo unang'oa mboga ardhini na kuwarushia maadui, na yeye ndiye mzito kuliko wote katika kung'oa. Lakini ana kitu ambacho Mario hana. Akiruka, anaelea hewani sekunde moja na kidogo. Mashimo yale yaliyonimaliza mimi, kaka zake na binamu yetu wa Ujerumani, mtoto wa darasa la tatu akawa anayavuka kama anavuka mfereji. Saa nne usiku pedi ilikuwa bado mkononi mwake na hakuna mvulana aliyethubutu kuidai. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Akauliza, "Hii inachezwaje?" Akavaa miwani, akaketi chini na watoto. Akamchagua huyo huyo.

Kikao kilianza saa nne asubuhi, chini ya mti, mbege ikiwa tayari. Sitaandika yote, mengine ni ya ukoo. Niseme tu kwamba hakuna aliyemtukana shangazi. Walimsifia! Walitaja mabati, walitaja karo. Halafu mmoja wa baba zangu akasema kihamba hakiendi kwa binti kwa sababu ataolewa. Shangazi ana miaka sitini na mmoja.

Nikaomba nafasi. Nikawaambia kwamba sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanaume. Nikawakumbusha pia kesi ya Holaria Pastory wa Kagera, ambapo mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alikubali kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kama mwanaume anavyoweza. Walinisikiliza kwa heshima, kama unavyosikiliza taarifa ya habari. Baba mkubwa akanijibu kwa upole kwamba hiyo ni ya mahakamani na hapa ni nyumbani. Na ukweli ni kwamba anao mguu wa kusimamia. Kanuni za mirathi ya kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinamweka mwanamke nyuma ya mwanaume, na maswali ya urithi wa kimila yanaendelea kuzunguka humo humo.

Ndipo bibi akafungua mdomo. Hakuwa amesema lolote tangu asubuhi. Akamtazama baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, akauliza: "Na huyu, kwao ni wapi?"

Kimya. Mmoja akaangalia mbege yake. Mwenyekiti akasema jambo hili ni zito, tuliahirishe mpaka Pasaka.

Jioni tuliendelea na gemu, ungetegemea tufanye nini? Ya tatu, ya 1988 pia, ni tamu kuliko zote. Ina ramani ya dunia nane, ina mkia wa kukurusha angani, na ukimaliza dunia unapata barua kutoka kwa binti mfalme. Ukimaliza ya saba, barua inatoka kwa adui: amemteka wakati wewe unashughulika kwingine. Mtoto wa kaka yangu akaweka pedi chini. "Tena?" Tukaingia Super Mario World ya 1990, ina mjusi wa kupanda mgongoni, ina njia 96 za kutokea, ina kuhifadhi pale ulipofika. Binti katekwa tena!

Nikatafuta ni lini alipewa gemu kubwa yake mwenyewe. Super Princess Peach, 2005, Japani. Miaka 20 baada ya ile ya kwanza. Ya pili ikasubiri mpaka 2024. Katikati hapo, Super Mario Bros. Wonder ya 2023 ikamruhusu kukimbia na wenzake tangu hatua ya kwanza, bila mtu kuuliza kama anaweza kubeba.

Nimekaa nikiwaza kwamba aina hii ya gemu kwa kweli ina swali moja tu: una pa kukanyaga? Kasi, ujuzi, roho ulizonazo, vyote havina maana kama chini yako hakuna tofali. Binti mfalme wa 1985 hakunyimwa nguvu. Kijitabu chenyewe kimekiri kwamba nguvu anazo. Alinyimwa pa kukanyaga, kwenye nchi ya baba yake. Na kuelea nako, hata uwe hodari vipi, ni sekunde moja na kidogo. Shangazi yangu ameelea miaka sitini na moja. Mimi sijaolewa, na nina watoto saba wanaoniita shangazi.

Mashine imebaki Machame kwa bibi, binamu kakubali. Nimeacha pia nakala ya ile sheria, kwa Kiswahili, kwenye droo yenye Biblia na vitabu vya nyimbo, maana hapo ndipo kila mtu wa nyumba ile hufika. Nimesikia baba mkubwa ameshaiomba aisome. Pasaka nitakuwepo. Na wewe dada unayesoma hapa, kabla ya kunicheka na Mario wangu, piga simu kwenu uulize kihamba kimeandikwa jina la nani.