Boksi la pili la kabati la kona

Mjomba,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema vijana wa karakana yako pale Keko wanataka muanze kuuza majiko ya kuagiza: mteja achore mwenyewe kwenye simu, mbao zikatwe kwa mashine, zifungwe kwenye maboksi, naye akayaunge nyumbani kwake. Umeniuliza mambo hayo huku Ujerumani yanakwendaje. Umeuliza kwa wakati wake, maana tumemaliza kufunga letu juzijuzi tu hapa Frankfurt, na ninayo ya kukueleza.

Kwanza ujue kwamba huku ukipanga nyumba, mara nyingi chumba cha jiko unakabidhiwa kitupu kabisa. Hakuna kabati, hakuna hata sinki. Utakuta bomba za maji zimezibwa, tundu la maji machafu, na waya mnene wa umeme wa jiko umetokeza ukutani. Mpangaji aliyehama kaondoka na makabati yake, au anataka umlipe ndipo akuachie. Ndiyo maana biashara hii huku ni kubwa sana: jiko ni mali ya mpangaji, na kila anayehama ana kona mpya za kuzijaza.

Kuchora ndiyo kazi nyepesi. Programu inakupa makabati ya upana wa sentimita 30, 40, 60 au 80, wewe unayasogeza kwenye kioo mpaka yakae unavyotaka. Kazi ni kupima. Nyumba yetu ni ya zamani, na kuta zake hazikutani kwa nyuzi 90. Nilipima kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo: chini, katikati na juu ya ukuta, kisha mshazari. Vipimo havikulingana, nikachukua kile kidogo na kuacha nafasi ya ubao mwembamba wa kuzibia pembeni. Programu haikuniuliza lolote kuhusu hayo. Kwake kila ukuta umenyooka. Vijana wako walizingatie hilo kabla hawajampa mteja simu achore.

Ila kuna jambo moja zuri mno katika mbao hizi. Matundu ya ubavuni yana upana wa milimita 5, na kutoka tundu hadi tundu ni milimita 32. Kikombe cha bawaba kinakaa kwenye shimo la milimita 35. Viwanda vingi vinafuata vipimo hivyo hivyo, kwa hiyo bawaba ikivunjika baada ya miaka kumi unanunua nyingine dukani na inaingia palepale. Hapo wametushinda, Mjomba, na ningependa sana Keko yote ikubaliane juu ya kipimo kimoja namna hiyo.

Mji huu wenyewe una historia na majiko. Mwaka 1926 msanifu majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora hapa jiko dogo la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Alihesabu hatua za mpishi, kutoka sinki hadi moto na kutoka moto hadi meza, na akachunguza jinsi wapishi wa mabehewa ya chakula kwenye treni wanavyofanya kazi mahali pembamba. Majiko kama 10,000 yakajengwa. Moja limekarabatiwa na kuhifadhiwa katika nyumba ya makumbusho mtaa wa Römerstadt. Nimekwenda kuliona: vidroo vya alumini vyenye mkono wa kumiminia, kila kimoja kimeandikwa jina la chakula chake, na droo ya unga ni ya mti wa mwaloni ili wadudu wasiingie. Aliyesimamia mradi mzima wa nyumba hizo ni Ernst May, na huyo miaka ya 1930 alihamia kwetu Tanganyika, akalima shamba upande wa Arusha, baadaye akafanya kazi ya usanifu Nairobi na kuchora mpango wa kupanua mji wa Kampala. Nilipolijua hilo nilifurahi kweli.

Ninachotaka ukione katika jiko lile ni hiki: lilikuwa zima ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Yeye alijua kila droo iko wapi na kwa nini. Letu halikuwa ndani ya kichwa cha mtu yeyote.

Mzigo ulifika asubuhi, maboksi yamejaa ukumbini hadi mlangoni. Kila boksi lina karatasi yenye namba ya bidhaa, na kama kabati limefungwa kwenye maboksi mawili, moja linaandikwa 1/2 na jingine 2/2. Nilisimama na orodha mkononi nikitia alama moja moja huku madereva wakingoja. Kabati la kona lilikuwa na 1/2 tu. Ndani yake kulikuwa na ubao wa chini, wa mgongo na rafu. Mbavu zote mbili, pamoja na miguu, zilikuwa kwenye 2/2. Niliandika upungufu ule kwenye hati ya kupokelea mzigo kabla ya kutia sahihi, nikapiga picha ile karatasi ya boksi.

Wewe ni fundi, unajua kona ina maana gani. Mbao zote mbili za kaunta zinakutana juu yake. Bila kona, kaunta hailali. Kaunta isipolala, tundu la sinki halikatwi, na sinki lisipokaa, fundi bomba hana cha kuunganisha. Fundi umeme naye, ambaye huku kumpata ni mpaka upange siku mapema, ikabidi aambiwe asije. Makabati yote mengine yalisimama yamekamilika, milango imening'inia vizuri, na sisi tunaosha sufuria bafuni kwa kupiga magoti.

Duka halikukataa kosa. Walikuwa watu wa adabu. Lakini kila aliyepokea simu alikuwa na orodha mbele yake, na orodha ilisema kabati la kona limetumwa. Wakatuma jingine: likaja tena boksi 1/2. Jambo lilinyooka siku mama mmoja wa idara ya malalamiko aliponiomba nimtumie picha ya karatasi ya boksi pamoja na mchoro wangu. Akaufungua mchoro wenyewe, akauangalia, akasema, "Kumbe mbavu ndizo huna, basi huwezi kuweka kaunta." Alikuwa wa kwanza kuliona jiko badala ya namba. Boksi la 2/2 likaja, na kabati likasimama.

Sheria ilinisaidia, na hili vijana wasome vizuri. Jiko la vipimo vyako, hata ukiliagiza kwa intaneti, hulirudishi ndani ya zile siku 14 anazopewa mnunuzi wa Ulaya kwa bidhaa za kawaida. Oktoba 2020 Mahakama ya Ulaya iliamua hivyo katika kesi ya jiko lililouzwa Ujerumani kwenye maonyesho ya biashara: haki hiyo haipo hata kama kiwanda hakijaanza kukata. Ukishaagiza, umeagiza. Lakini kipande kikipungua ni kasoro, na muuzaji anawajibika kwa miaka miwili. Tangu 2022, kasoro ikionekana ndani ya mwaka wa kwanza, ni yeye wa kuthibitisha kwamba haikuwepo alipokukabidhi. Kwa hiyo niliandika barua, nikataja namba ya bidhaa na tarehe ya mwisho ya kuleta. Simu peke yake isingetosha.

Sasa kuhusu swali lako. Anzeni, Mjomba, ila msifute kazi ya fundi wa kupima. Mteja achore anavyopenda, kisha mtu wa karakana aende na futi yake, na jina la fundi huyo liandikwe kwenye kila boksi la mteja, ili simu ikipigwa apokee mtu anayeijua kona ile. Mbavu za kabati zisitenganishwe na mgongo wake, hata boksi likiwa zito. Na mbavu za akiba za kila ukubwa ziwepo ukutani hapo karakanani. Ninyi mna msumeno na ubao mahali pamoja, mbavu iliyokosekana mnaikata mteja akiwa bado anakunywa chai.

Bawaba za kujifunga taratibu nitakuja nazo Desemba. Nitumie idadi ya milango na unene wa mbao mnazotumia, kama ni milimita 16 au 18, na uniambie ni mingapi inafungukia upande wa ukutani, maana hiyo huenda ikahitaji bawaba za aina nyingine. Msalimie mama mkubwa na wote hapo nyumbani.