Inachemka Haile Selassie, Inapoa Westlands

Bwana asifiwe. Kanisani kwetu Uthiru mtu akisimama kutoa ushuhuda huanza hivyo, kisha hutaja ugonjwa, kesi au kazi iliyopotea. Wangu sijawahi kuutoa huko, maana ningelazimika kueleza rilei ni nini, na mchungaji wetu huangalia saa. Nauandika hapa.

Mwaka ule mume wangu alikuwa nyumbani na mguu uliovunjika, na kilichotulisha ni pikapu yake, Peugeot 504. Wazee wa Nairobi hawajaacha kulisifu gari hilo tangu Ove Andersson aliposhinda nalo Safari Rally mwaka 1975. Yetu ilikuwa Peugeot kwa bodi tu. Injini ya awali ilikufa zamani, ikafungwa ya dizeli iliyotolewa kwenye Toyota Hiace. Injini hiyo huwa na feni yake inayozungushwa kwa mkanda, lakini chini ya boneti ya Peugeot haikupata nafasi. Aliyeifunga akaiondoa, akaweka feni ya umeme ya gari dogo la Kijapani na kuiunga direkti: waya mmoja kutoka kwenye ufunguo hadi kwenye feni, basi.

Alfajiri nilipakia nyanya na vitunguu kwenye soko la Marikiti, nikawapelekea akina mama wa Kangemi na Kawangware. Nyanya iliyotoka Loitokitok kwa lori haina subira. Ikifika Kangemi saa nne, wateja wameshanunua kwingine, na za chini kwenye kreti zimeanza kutoa maji. Tulikuwa tumekubaliana na akina mama hao kwamba mzigo ukichelewa, hasara ni yangu.

Basi pikapu ikaanza kuchemka. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mzunguko wa Haile Selassie na Uhuru Highway, katikati ya msongamano, mvuke ukitoka kwenye boneti na makanga wa matatu wakinitupia maneno nisiyoweza kuyaandika. Tangu siku hiyo nilibeba mitungi ya maji katikati ya kreti. Nilijifunza kungoja rejeta ipoe kabla ya kugusa kifuniko, huku askari wa trafiki akinigongea kioo. Asubuhi nyingine nililipia mkokoteni umalize safari. Mama mmoja wa Kawangware aliniambia kwa upole, "Dada yangu, na mimi nina watoto," akahamia kwa mbebaji mwingine. Usiku nilikuwa nikihesabu: logbuku ya pikapu ilikuwa kwa watu waliotukopesha pesa za hospitali, na siku ya kulipa haikungoja feni.

Mafundi sikukosa. Wa kwanza alitoa themostati akaitupa, tabia ya Nairobi ambayo sitaielewa kamwe. Injini ikawa inachelewa kupata joto asubuhi, na kwenye foleni ikachemka vilevile. Mwingine aliifungua rejeta na kuisugua ndani. Wa Kangemi alibadilisha kifuniko, na huyo namshukuru, kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji yasiyofungiwa presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Mpira wa kifuniko ukilegea, presha inatoroka na mvuke unakuja mapema. Nilipata nafuu kidogo, lakini ugonjwa ulibaki. Wa mwisho alisema gasketi imeungua, lazima kichwa cha injini kifunguliwe. Bei aliyotaja ilizidi mapato yangu ya mwezi.

Sikuwa na pesa hizo, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu. Nilishuka Grogan, ile Kirinyaga Road ya spea na mafundi, kwa mzee mmoja fundi wa waya. Hakufungua boneti. Aliniuliza, "Mama, inachemkia wapi?"

Nikamwambia kwa kufuata barabara. Haile Selassie mshale wa joto unapanda. Nyayo House uko karibu na nyekundu, University Way umeigusa. Tukishapita Museum Hill foleni inaachia, tukifika Westlands mshale unashuka. Mlima wa Waiyaki Way hadi Kangemi, na mzigo wote ule, haupandi tena.

Akacheka. "Gasketi haiijui Westlands. Ingekuwa gasketi, au rejeta imeziba, ingechemka kwenye huo mlima. Gari linalopoa likipata upepo linalilia feni."

Nikamjibu kwamba feni inazunguka, nimeiona, na mafundi wote walipima kwa testa, taa ikawaka. Akaleta mita, akaiweka kwenye plagi ya feni ikiwa inazunguka na injini inanguruma. Kwenye betri tulisoma volti 14, kwenye feni 8 na kitu. Taa ya testa hunywa umeme kidogo sana. Hata waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaiwasha. Feni inataka ampea kumi na zaidi. Akanishikisha waya nyuma ya ufunguo: ulikuwa moto, na plastiki ya soketi imelainika na kuwa ya kahawia. Asi, waya wa kurudisha umeme, ilifungwa kwa bolti juu ya rangi na kutu. Alipochukua waya mnene na kuiunga feni moja kwa moja na betri, ilinguruma sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya pikapu ile. Akaweka kipande cha gazeti mbele ya grili, kikavutwa na kunata, ishara kwamba feni inavuta hewa ndani, haipulizi nje.

Jioni ile alifunga rilei, fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, asi hadi kwenye hasi ya betri yenyewe, na swichi ya joto kwenye rejeta. Ufunguo sasa unatoa amri tu. Mzigo wa umeme unapita kwenye rilei na waya mnene. Alirudisha themostati pia, na chini ya dashibodi akaniwekea swichi ya kuwasha feni mwenyewe nikiona foleni mbele. Alinitoza chini ya yule aliyesugua rejeta.

Yule mama wa Kawangware hakurudi, na simlaumu. Wa Kangemi walinivumilia, na logbuku tuliipata baadaye, tumechelewa na kulipa faini. Mguu ulipopona mume wangu alikaa kwenye usukani, akaiona swichi, akauliza ni ya nini. Nikamwambia asiiguse mpaka nimpeleke mimi kwanza hadi Haile Selassie.