Pantoni, daraja na kabati la shangazi

Jumamosi iliyopita nilivuka kwenda Kigamboni kumjulia hali shangazi yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Mjimwema. Pale Magogoni tiketi ya karatasi imeshatuaga. Siku hizi unagusisha kadi, geti linafunguka, unapita. Kwenye pantoni niliwaangalia abiria wa benchi langu. Karibu wote walikuwa wameinamia simu. Mzee mmoja tu ndiye aliyeshika gazeti, kalikunja mara nne upepo usimpokonye.

Nilipanda bajaji hadi kwa shangazi. Baada ya shikamoo na chai, akanionyesha kabati la vitabu lililokuwa wazi.

"Mwanangu, wajukuu wanasoma kwenye simu. Hivi vyangu nivipeleke wapi? Muuza karanga ameshaviomba."

Muuza karanga alitaka karatasi za kufungia. Nikachomoa kitabu kimoja kabla sijajibu. Kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1951. Pembeni mwa kurasa niliukuta mwandiko wa penseli wa marehemu baba, kaka yake shangazi. Mahali pamoja ameandika "kweli". Mbele kidogo, "sikubali". Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na sikumbuki kumsikia akibishana na mtu. Kumbe alikuwa anabishana na kitabu.

Mjukuu wa shangazi, aliye kidato cha pili, hakuvutiwa sana na hadithi hiyo.

"Mjomba, darasani kitabu kimoja tunakaa watano. Kwenye simu nasoma peke yangu."

Akanifungulia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yenye vitabu vya kiada. Ukiwa na bando, unasoma. Kwa mtoto ambaye mzazi wake hamudu kununua vitabu vya masomo yote, huo si mchezo.

"Mwambie na ile wiki ya Mei," shangazi akadakia.

Mei 12, 2024, nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zilikatika na mtandao ukasuasua nchi nzima. Siku hizo binti alirudi kwenye kabati la bibi yake bila kuambiwa.

Msomaji, swali la kama simu itakiua kitabu cha karatasi lina jibu lake hapa hapa Kigamboni. Daraja lilipofunguliwa Aprili 2016, wapo waliosema pantoni limekwisha. Mpaka leo foleni ya Magogoni ipo. Daraja linamfaa mwenye gari na anayeelekea Kurasini au Temeke. Anayekwenda Posta kwa miguu bado anavuka kwa pantoni. Kilichokufa ni ile tiketi ya karatasi, kwa sababu kazi yake yote kadi inaiweza.

Na vitabu ni hivyo hivyo. Kitabu cha kiada ambacho mtaala ukibadilika hakina kazi tena, simu itakichukua, na sioni ubaya. Lakini kitabu kinachopita mikononi mwa baba, shangazi na mjukuu, kikibeba alama ya kila mmoja, hicho simu bado haijakiweza.

Tukagawana kazi. Vitabu vya mtaala wa zamani vilikwenda kwa muuza karanga. Vya hadithi shangazi atavipeleka shule ya msingi ya jirani. Kusadikika nilipewa mimi, lakini kwanza binti alizipiga picha kurasa zote zenye mwandiko wa babu yake. "Mchwa wakila, mjomba, picha zitabaki," alisema. Nami nikamjibu kwamba simu ikipotea, kitabu kitabaki.

Mzazi mwenzangu, kabla hujauza vitabu vya nyumbani kwa kilo, vifungue kwanza. Huenda kuna mtu ndani amekuandikia.