Wanging'ombe kwa Ulimi wa Mgeni

Swali la kwanza lililonishinda katika ualimu wangu liliulizwa na kijana wa miaka 19, darasani huko Wisconsin, Oktoba 2018. Nilikuwa nimeandika ubaoni: *Ninasikia baridi.* Akanyoosha mkono. "Mwalimu, baridi ina sauti gani?"

Hakuwa anatania. Kwenye orodha yake ya msamiati, kusikia ilikuwa kazi ya masikio, basi. Mimi nimezaliwa Njombe, ambako ikifika Juni na Julai ukungu unalala mpaka kwenye madirisha, na asubuhi nyingine sakitu inaunguza majani ya viazi. Nimesikia baridi maisha yangu yote, na sikuwahi kujiuliza naisikiaje. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Usiku ule niliandika kila tunachokisikia: njaa, kiu, harufu, maumivu, usingizi, uchungu, raha. Nikakumbuka kwamba wengine huona njaa na kuona baridi. Kesho yake nikamweleza kwamba kusikia kwetu ni mwili mzima unapofikiwa na kitu, nao masikio ni mlango mmoja tu. Akatikisa kichwa taratibu, akainamia daftari, akaandika *Ninasikia usingizi*, kisha akaniangalia kujua kama amepatia. Alikuwa amepatia.

Nilikwenda kwa mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha. Fulbright yenyewe ni ya tangu 1946, lakini tawi hili linachukua walimu vijana wenye shahada kutoka nchi mbalimbali na kuwapeleka kwenye vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi. Unafundisha lugha ya kwenu kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki, unasoma masomo machache, moja likiwa juu ya Marekani yenyewe, na mwisho unarudi nyumbani bila shahada nyingine. Hili la mwisho liliwasumbua wengi nyumbani Makambako. Kwao, anayekwenda Marekani ama anakwenda kuchukua digrii, ama anakwenda kubeba maboksi. Mtu kupanda ndege kwenda kufundisha Kiswahili, lugha ambayo kila kondakta wa basi la Songea anaijua, lilikuwa jambo gumu kueleweka. Mama aliwajibu jirani zake kwa kifupi: "Amekwenda kazini."

Wiki za kwanza nilifundisha vibaya, na nalisema kwa sababu naona walimu wenzangu wakijiandaa kuingia njia hiyo hiyo. Nilifundisha kama nilivyofundisha kidato cha pili: fasili, aina za maneno, o-rejeshi, viambishi. Mwanafunzi wa Makambako anakuja darasani Kiswahili kikiwa tayari kinywani, na kazi yangu ni kumpa majina ya vitu anavyovifanya kila siku. Yule wa Wisconsin hana kitu kinywani. Ukimpa jina la kitu asichokifanya, umempa jina tupu. Profesa niliyemsaidia aliliona, akanikalisha chini bila kunivunja moyo, akaniomba darasa linalofuata nisitamke hata mara moja neno "kiambishi". Nilikaa naye nikijiuliza nitabaki na nini.

Nilibaki na Wanging'ombe.

Ni jina la wilaya mojawapo ya mkoa wetu wa Njombe, mkoa uliozaliwa 2012 tulipotengwa na Iringa. Wageni wote hukwama kwenye *ng'*. Wanaisoma kama *ng*, na ng'ombe anakuwa mnyama ambaye hakuna mfugaji angemtambua. Sasa tazama jina lile: lina *ng* na *ng'* ndani ya neno moja, zikifuatana kama mtu na kivuli chake. Nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Tukalisema polepole, silabi kwa silabi, tukalipiga makofi, tukalisema haraka, tukalitupiana kutoka kona hadi kona ya darasa. Binti mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo tangu muhula uanze alilitamka sawasawa kabla ya wote, na tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Wenyeji wake hawajui, lakini Wanging'ombe ilifungua kinywa cha mtu ng'ambo ya bahari.

Ilinifungua na mimi. Nilipokuwa nasubiri ndimi zao zizoee, nilimkumbuka babu.

Babu yangu mzaa baba hakuzaliwa na Kiswahili. Alizaliwa na Kibena, akakua nacho, akaoa nacho. Kiswahili alikipata kwenye kibarua cha reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, kwa milima, mabonde na mahandaki yake, na ndiko babu alikoshika sururu. Alikuwa akitusimulia habari ya fundi mmoja wa Kichina aliyeinua nyundo na kumwuliza kwa macho. Babu akajibu, "Nyundo." Mchina akarudia. Babu akarudia tena, kwa sauti ya mwalimu. Kisha alituambia, na kila mara alikuwa mzito anapofika hapo, kwamba neno hilo yeye mwenyewe alikuwa amelipata wiki iliyopita kutoka kwa Mnyakyusa mmoja.

Nilisikia kisa hicho tangu utotoni nikakichukua kama kisa cha Mchina. Ilibidi nisimame mbele ya Wamarekani kumi na wanne ndipo nikajua ni kisa chetu. Nilikuwa nimefika Marekani kama mwenye lugha, mtu aliyetumwa kuwagawia wasionacho. Kumbe mimi ni mjukuu wa mwanafunzi. Kiswahili kiliingia katika ukoo wetu kwa mkono wa kazi, kikiwa kimebebwa na vibarua waliotoka kila upande, na kizazi kilichofuata kikakipata shuleni. Hata mimi nilianza darasa la kwanza nikiwa na maneno machache ya Kiswahili niliyoyaokota stendi.

Shule niliyoanzia ilikuwa na kibao chenye kamba. Aliyeteleza akasema Kibena alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Na baadaye, nilipokwenda kusoma mbali na nyumbani, nilichekwa kwa *r* na *l*, kwa maana wengi wetu huku ulimi hautofautishi sana kati ya kupiga kura na kula. Nilijifunza kunyamaza mpaka niwe na hakika. Hayo yote nilikuwa nimeyafukia. Yalifukuka siku niliyomwona yule binti amenyamaza wiki sita, nikautambua ukimya wake kama mtu anavyotambua nguo yake kwenye kamba ya jirani.

Kuanzia hapo sikumsahihisha mtu katikati ya sentensi. Nilimwacha afike.

Na Kibena, kile kilichonivika kibao, kikawa nyenzo yangu ya kazi. Wanafunzi walipochoka na ngeli, wakiniuliza ni nani aliyetunga sheria zote hizo za mtu na watu, kiti na viti, niliwaambia kwamba hakuna aliyezitunga. Ni ukoo. Sisi tunaoitwa Wabena kwa Kiswahili, wenyewe tunajiita Vabena. *Wa* ya pwani ni *va* ya milimani. Nikawapa na maamkizi yetu, *kamwene*, unayoyasikia ukipita Iringa ukiteremka hadi kwetu. Wakaanza kuamkiana hivyo kwenye korido, na wenzao wa madarasa mengine wakidhani ni neno la Kiswahili.

Kitabu tulichotumia kilikuwa kizuri, ila watu wake walikuwa wakienda ufukweni, hotelini na mbugani. Hakuna aliyepanda basi la Makambako. Kwa hiyo nilitengeneza somo langu mwenyewe la stendi: pale barabara ya Mbeya inapokutana na ile ya Njombe na Songea, basi likisimama, wachuuzi wanakimbilia madirishani na maparachichi, mahindi ya kuchoma, njugu. Mwanafunzi mmoja abiria, mwingine mchuuzi, na basi linaondoka baada ya dakika tatu, hivyo bei ipatikane upesi. Mama yangu ndiye aliyenipa maneno kwa simu, maana ndiyo kazi yake.

Nikawafundisha pia lumbesa. Huwezi kufundisha maisha ya Njombe ukaacha lumbesa. Gunia la viazi linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba juu na kushonewa wavu, mnunuzi anaubeba mlima ule na kuulipa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inaukataza, na kila mkulima anajua unakatazwa, lakini mwenye gari ni yeye na viazi vinaoza. Nilichora gunia ubaoni, mstari wa kilo 100, kisha kilemba. Darasa likakasirika. Walinirushia maswali kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, wakisahau kuogopa makosa: kwa nini mkulima hakatai? Mizani iko wapi? Serikali ilikuja? Ilikuwa saa bora kuliko zote nilizofundisha mwaka ule, na naamini ni kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa na jambo la kusema kabla ya kuwa na namna ya kulisema.

Baridi nayo nitaisema kidogo. Watu wa Dar hutuambia Njombe ni Ulaya, nami niliondoka nikijiamini. Mwisho wa Januari 2019 hewa ya Ncha ya Kaskazini ilishuka mpaka Wisconsin, kipimo kikaenda zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, na chuo kikasitisha masomo. Ziwa Mendota, la hapo chuoni, lilikuwa limeganda, watu wanatembea juu yake na kutoboa matundu ya kuvulia samaki. Nilikaa chumbani siku mbili. Saa tatu ya usiku wangu ilikuwa saa kumi na mbili ya asubuhi ya Makambako, na mama alikuwa akiwasha mkaa kibandani. Nilisikia kipepeo cha mkaa kikipiga, nikasikia na muungurumo wa lori likipanda. Hakuniuliza kama nimekula. Aliniambia, "Usikate, weka simu hapo, mimi nafanya kazi yangu." Nikaiweka juu ya mto. Tulikaa hivyo karibu saa nzima bila mazungumzo yoyote, na sijawahi kupewa kitu kilichonifaa zaidi.

La pesa ni gumu, na anayejiandaa kwenda alijue mapema. Posho inapigwa kwa mahitaji ya mtu mmoja anayeishi huko. Nyumbani inahesabiwa kwa shilingi, na kwa shilingi ni mlima. Nilituma nilichoweza, na palipofika pa kukataa nilikataa kwa kupiga simu, si kwa ujumbe. Undugu wa mtu mmoja au wawili ulipoa. Umerudi polepole.

Nilirejea Mei 2019. Tangu hapo Kiswahili kimepanda: UNESCO ilikipa siku yake Julai 7 kwa azimio la Novemba 2021, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, linawanoa walimu wa Kiswahili kwa wageni, na vijana wengi wananiuliza njia ya kupita. Nafurahi. Ila naogopa tunapowapeleka na kiburi cha mwenye mali. Mzawa wa lugha anajua jibu na hajui swali, na maswali yote yapo kwa mgeni. Ningependa kila anayekwenda kufundisha Kiswahili nje aanze kwa kujifunza lugha asiyoijua kabisa, hata kwa miezi mitatu: Mbena ajifunze Kimasai, Msukuma ajifunze Kimakonde. Aonje tena kukosa neno la maji akiwa na kiu.

Kidato cha kwanza ninachofundisha sasa kina watoto kutoka vijijini wanaosoma "balua" palipoandikwa barua. Darasa hucheka. Mwaka jana mmoja alifunga kitabu katikati ya aya akakaa. Sikuwakemea waliocheka. Niliandika Wanging'ombe ubaoni, nikawasikilizisha kutoka kwenye simu sauti ya wanafunzi wangu wa kule wakilihangaikia, mara ya kwanza, ya tano, ya kumi. Walicheka tena, kisha kicheko kikageuka, wakaanza kuwasaidia kwa sauti, kana kwamba wale wangeweza kuwasikia. Yule mtoto alikuwa anaongoza.

Simu hiyo hiyo niliipeleka kwa bibi, nje ya mji wa Njombe. Bibi ana Kiswahili cha kanisani na sokoni tu. Alikuwa ameketi juani akipukuchua mahindi. Nilimwekea sikioni sauti ya binti wa Wisconsin, yule aliyekuwa kimya, akisema: *Kamwene, bibi.*

Bibi aliacha gunzi. Akaitika, akaisogelea simu, akaanza kumwuliza habari za wazazi, za kwao, za mvua, moja baada ya nyingine kama inavyopasa. Sauti ilikuwa imeshakwisha. Nilipomweleza kwamba ni ya kurekodi, aliniangalia kidogo, akaniambia niianzishe upya, kwa sababu alikuwa hajamaliza kumwitikia.