Mtu wa Begi Mlangoni

Najua mtashangaa mtu wa Morogoro kama mimi, mpenzi wa Simba tangu utotoni, kuwaletea habari za besiboli. Nivumilieni kidogo.

Ijumaa moja jioni nilikuwa na mwenzangu wa nyumba hapa Granville, tunakula kuku wa mkaa wa Walebanoni, barua pepe ikaingia. Kampuni moja niliyokuwa nikiifanyia kibarua cha kuchora michoro ya mashine ilinishukuru sana, lakini mkataba hauendelei. Huo ulikuwa wa nne kukatika ndani ya miaka miwili. Na Jumapili ndiyo siku ya kumpigia mama. Swali lake nalijua: "Mwanangu, kazi ya kueleweka utapata lini?"

Mwenzangu ni Mganda, anapenda besiboli tangu watoto wa Lugazi walipokwenda Marekani mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Pole hakunipa. Akauliza, "Kaka, unamjua Tayler Scott?"

Simjui. Basi akanisimulia, na baadaye nikasoma mwenyewe. Scott ni mzaliwa wa Johannesburg, kazi yake kurusha mpira. Chicago Cubs walimchagua mwaka 2011, akazunguka ligi ndogo miaka minane. Mwaka 2019 ndipo akapanda ligi kuu na Seattle Mariners, mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika huko. Mwaka huohuo akahamia Baltimore. Kisha Japani, Hiroshima. Akarudi San Diego mwaka 2022. Mwaka 2023 peke yake alivaa jezi tatu: Dodgers, Red Sox na Athletics! Jamani, huyo mtu hata sanduku alikuwa analifungua?

Halafu mwaka 2024, ana miaka 32, Houston Astros wakamtumia kwenye mechi zaidi ya 60. Ndio ulikuwa msimu wake bora.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kila anayevumilia atafika Houston. Sisi wa uhandisi tunafundishwa uchovu wa chuma: chuma hakivunjiki kwa mzigo mmoja mkubwa tu, hata mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi mno hukipasua. Kiwiko cha mrushaji ni hivyo hivyo. Na binadamu pia. Barua ile ya nne haikuwa nzito kuliko ya kwanza, ila niliisikia zaidi.

Kilichonigusa ni kwamba kila timu iliyomwita Scott ilimkuta mkono uko tayari. Kuachwa hakukumfanya asiwe mrushaji. Mimi nilikuwa nimeanza kujiona si mhandisi kwa sababu tu hakuna ofisi yenye jina langu.

Jumapili nikampigia mama. Safari hii sikumdanganya kwamba mambo ni shwari. Nikamwambia mkataba umekwisha, natafuta mwingine, na tasnifu inaendelea. Akanyamaza kidogo. "Kumbe ndiyo maana sauti yako ilikuwa hivyo miezi yote hii," akasema. "Umekula lakini?"

Nimekula, mama.

Jumatatu nikatuma maombi matatu. Majibu bado. Mwenye kusikia nafasi popote, hata kama ni ya miezi miwili, anishtue. Begi liko mlangoni.