Sentensi ya Majiko

Barua yangu ya kwanza kusomwa na watu wakubwa haikuwa ya mapenzi. Ilikuwa ya kuomba kusamehewa kodi ya kizimba. Niliiandika Mei 2020, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwenye karatasi nilizochana katikati ya daftari, na mpaka leo naamini kwamba ukiondoa jambo moja ilikuwa barua nzuri. Hilo jambo moja ndilo nataka kulisema. Nimeshaandika hadithi tatu za kulizungukazunguka, zote zimenishinda.

Jiji lenyewe sitalitaja. Mwaka ule Tanzania ilikuwa na majiji sita: Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma. Chagua unalolipenda, mama lishe wamo kote.

Mama alikuwa na kizimba nje ya geti la chuo. Vizimba vilikuwa kumi na viwili, mali ya halmashauri, vimeezekwa bati, sakafu ya saruji, meza moja na mabenchi mawili kila kimoja. Kodi ya pango shilingi 30,000 kwa mwezi. Wateja ni wanafunzi, na mwanafunzi, msomaji, ni mteja mzuri mwenye mfuko mbovu: anakula kila siku, analipa siku bumu likitoka. Mama alikuwa na kijidaftari cha madeni chenye majina kama rejista ya darasa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Tarehe 18 vyuo vikafuata. Jioni ile barabara ya chuo ilijaa mabegi ya magurudumu, kila mtu anakimbilia stendi, na mama alikuwa ameshaloweka maharage kilo nane. Tulikula maharage wiki nzima, asubuhi, mchana na usiku, mpaka dada yangu akasema afadhali korona.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na utata wenyewe. Nchi yetu haikufungiwa ndani kama majirani. Masoko yaliendelea, makanisa na misikiti ilibaki wazi, daladala zikaambiwa zibebe waliokaa tu. Kwa hiyo ukienda kumlilia mtu wa ofisini kwamba huna biashara, anakushangaa: nani amekufungia? Na kweli, hakuna aliyetufungia. Kilichofungwa ni geti la chuo, kwa mnyororo, na mbele ya geti hilo ndipo penye vizimba kumi na viwili. Mama alikuwa na kile kitambulisho cha mjasiriamali cha shilingi 20,000, kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Alikining'iniza ukutani karibu na picha ya marehemu babu. Afisa aliyekuja na kimashine chake cha risiti alikitazama kwa heshima zote, akasema, "Mama, hiki kinakukinga na ushuru. Pango siyo ushuru." Akaandika deni, akaondoka.

Tarehe 21 Mei, Rais Magufuli akatangaza kwamba vyuo na kidato cha sita vifunguliwe tarehe 1 Juni. Watu mtaani walishangilia. Kina mama wa vizimba hawakushangilia, maana geti likifunguka ndipo na daftari la madeni linapofunguka. Wakakutana uani kwetu, wamekaa mbalimbali kwa amri ya redio, barakoa za kitenge zimeshushwa kidevuni ili wasikilizane. Mmoja akasema, "Si huyu kijana wako anaandikaandika? Aandike basi tuone faida yake."

Nikaandika. Nilijaza kurasa tatu. Nikahesabu siku kwenye kalenda, toka chuo kufungwa tarehe 18 Machi hadi tarehe 1 Juni, nikapata 75. Nikajikuta nimeandika hivi: kwa siku 75 majiko kumi na mawili yamepoa, na majivu yake yamekuwa matandiko ya paka.

Usinicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilipoifikia ile nukta niliweka kalamu chini nikaitazama karatasi kama mtu aliyeokota noti.

Niliwasomea. Wakasikiliza mpaka mwisho, wengine wakitikisa vichwa. Mama wa chapati, ambaye kizimba chake kilikuwa cha mwisho karibu na mtaro, akafuta macho akasema, "Hapo kwenye paka umenisema mimi." Kwa kweli ilikuwa hivyo. Mume wake alilazwa mwishoni mwa Machi kwa maradhi ya figo, na yeye aliishi hospitalini kwenye mkeka, halafu nyumbani akimgeuza kitandani. Jiko lake lilipoa kweli. Nilipita siku moja nikamwona paka.

Lakini wengine walipoondoka mama aliniita. Akaniambia, "Mwanangu, jiko langu mimi halikupoa. Lilihamia uani."

Na ndiyo. Toka Aprili mama alikuwa anakaanga vitumbua usiku, dada anavipitisha nyumba kwa nyumba asubuhi, kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Vitumbua hivyo ndivyo vilivyonilipia hata ile kalamu. Na si mama peke yake. Kati ya wale kumi na wawili, nane au tisa walikuwa wanapika kitu nyuma ya nyumba, uji, bagia, mihogo. Walipata kidogo, cha kuvukia siku, lakini walipata.

"Yatoe hayo maneno ya paka," mama akasema. "Sema tumepungukiwa. Na yule mwenzetu mseme peke yake, maana yeye hali yake ni nyingine."

Nikamwambia sawa, mama. Sikuyatoa. Nilijiambia ile ni lugha ya picha, na kwamba mama hakusoma fasihi. Ukweli ni kwamba ile sentensi ilikuwa tamu na nyingine zote zilikuwa za kawaida, na sikutaka kubaki na barua ya kawaida.

Barua kama ile, katika miaka mingine, ingezunguka mezani mwa watu hadi karatasi ibadilike rangi. Safari hii ilikwenda mbio. Mabaraza ya madiwani nchi nzima yalikuwa yanamaliza muda wake mwezi huo wa Juni, kuelekea uchaguzi wa Oktoba, na kila diwani alitaka aonekane amefikisha kilio cha watu wake kabla hajarudi kuwaomba kura. Mtendaji wa kata akaigonga muhuri, diwani akaibeba, Kamati ya Fedha ikaipitia, na wiki ya kwanza ya Juni tukaambiwa imo kwenye kabrasha la baraza.

Kikao cha baraza ni cha wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kukaa nyuma akasikiliza, ila sijui kwa nini wananchi hatuendi. Nilikwenda na mama na mama wa chapati. Mlangoni tulinawa kwenye ndoo ya koki, tukapuliziwa kitakasa mikono, tukakalishwa kiti kimoja wazi, kimoja mtu. Madiwani waliingia na majoho yao, barakoa juu, wengine huwezi kujua nani ni nani mpaka azungumze. Mstahiki Meya akagonga rungu lake.

Nilidhani nitaona ugomvi kama wa bungeni. Badala yake nilisikia uhai wa jiji ukisomwa kwa sauti ya kuchosha. Kuthibitisha ajenda. Kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Gari la taka lililoharibika toka Februari bado linasubiri kipuri. Madawati ya shule fulani yatengenezwe kabla watoto hawajarudi, maana sasa haifai kubanana watatu. Ndoo za kunawia stendi zimeibwa koki. Mapato ya ndani yameshuka, nyumba za wageni tupu, stendi nyepesi. Na mapato yakishuka, akaeleza mtu wa fedha, hata ile asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba inashuka nayo, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mama alinigusa. Hakuwahi kuambiwa kwamba ile 30,000 yake ya pango inaingia kwenye chungu kimoja na mkopo ambao kikundi chao kilikuwa kinauomba. Hata mimi nilikuwa sijawahi kulifikiria. Nilikuwa nimeandika kana kwamba upande mmoja tupo sisi na upande wa pili lipo sanduku lisilo na mwenyewe.

Saa saba kasoro ikafika zamu yetu. Nilijiweka sawa kwenye kiti. Karani akasoma: "Maombi ya wafanyabiashara kumi na wawili wa vizimba vya chuo, kusamehewa kodi ya pango ya miezi mitatu." Basi. Kurasa tatu zimekuwa mstari mmoja. Nilitaka kulia kwa hasira, msomaji, na kwa bahati mbaya kuna mtu alinihurumia bila kujua. Diwani wa viti maalumu akasimama, akasema barua hii imeandikwa kwa uchungu, naomba wajumbe wasikie japo kipande. Akasoma. Akasoma ile ile, majiko kumi na mawili na matandiko ya paka, kwa sauti nzuri kuliko yangu. Ukumbi ukatulia.

Kisha mzee mmoja, diwani wa kata jirani, akaomba kuzungumza. Akashusha barakoa. Nikamtambua, nyumba yake ilikuwa kwenye njia ya beseni la dada.

"Mstahiki Meya, mimi sina ugomvi na kina mama hawa. Lakini nimekula vitumbua vya mmoja wao mwezi mzima wa Ramadhani, nyumbani kwangu, tena vya moto. Sasa huyo paka alilala wapi?"

Ukumbi ulicheka. Hata Meya alicheka. Halikuwa cheko baya, lilikuwa cheko la watu waliochoka, lakini baada ya hapo hakuna aliyeshika ile barua kama kitu cha kuaminika. Mtu wa fedha akasema kusamehe deni la halmashauri si kama kumsamehe mtoto, kuna taratibu, na lazima ijulikane nani alifunga na nani hakufunga. Swali la haki kabisa. Jibu lake mama alikuwa amenipa bure uani, nikalikataa kwa sababu lilikuwa halina paka. Likapitishwa azimio: maombi yarudi kwa wataalamu kwa uhakiki, na wakati huo taratibu za makusanyo ziendelee. Rungu likagongwa. Wakahamia kwenye taa za barabarani.

Tulipotoka, yule mzee alitukuta tunanawa tena. Alimsalimia mama kwa heshima, akamuulizia dada. Akaniambia mimi, taratibu, "Kijana, wewe ndiye mwandishi? Ungeniletea mmoja ambaye jiko lake lilizimika kweli, ningempigania mpaka mwisho." Mama wa chapati alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, anakausha mikono kwa khanga. Nilipaswa kumshika mkono nikasema ni huyu hapa. Nilikuwa bado naona aibu ya cheko. Nikasema, "Asante, mzee." Akapanda gari lake.

Baraza likamaliza muda. Mkurugenzi na wataalamu wake wakabaki na jiji mpaka madiwani wapya wapatikane baada ya uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba. Uhakiki ulifanyika asubuhi moja ya Julai, afisa mmoja, karatasi moja. Aliuliza kila kizimba kama kilifunga. Wote walisema walifunga, isipokuwa mama, aliyesema alipika uani na akapewa ahadi ya kulipa kidogokidogo. Alimaliza Desemba. Wa chapati hakuwepo, alikuwa kwenye msiba wa mume wake. Agosti kizimba chake kikapigwa kufuli, na Septemba akaingia mtu mwenye friji na soda baridi.

Mwaka uliofuata nilikwenda masijala nikaomba kuona muhtasari wa kikao kile. Nilidhani watanifukuza. Kijana wa pale akanitafutia nusu saa, akanifunulia ukurasa. Baraza lilipokea maombi na kuagiza uhakiki ufanyike. Hapakuwa na paka wala cheko.

Siku hizi yule mama anauza chapati kwenye kona ya stendi, juani, na mwavuli wa kampuni ya simu. Mimi nikipita nanunua mbili hata kama nimeshiba. Mwezi uliopita aliniuliza kama bado naandika. Nikamwambia ndiyo, mama, kidogo. Akageuza chapati iliyokuwa kikaangoni, akasema, "Ile ya paka sijaisahau. Iandike tena, lakini safari hii weka jina langu."

Nilimwambia nitaliweka. Halafu nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba miaka yote hii namwita mama wa chapati, na jina lake silijui.